Vichwa Saba Kabla ya Mechi

Wanaume wa Norden walipogundua nyembe mpya za dukani ambazo mtu anajinyolea mwenyewe bila kujichinja, wakaacha kuja kwangu kunyolewa ndevu. Mimi Amos Pruitt, kinyozi wa mji, nikabaki na viti viwili na wazee watatu waliokuja kuota moto tu. Sikulia. Pua yangu imevunjwa mara mbili, ya kwanza na farasi, ya pili na mwenye farasi, na baada ya hapo mambo mengi huonekana madogo.

Kwa hiyo ile Ijumaa ya Februari 1925, Mwalimu Verda Kubicek alipoingia, akapita katikati ya wazee na tumbaku yao, akakaa kitini, sikumuuliza mwanamke anatafuta nini kwa kinyozi.

"Kata," akasema. "Mpaka chini ya masikio."

Mzee Dvorak, mmoja wa wale watatu, alikusudia kutemea kopo, akatemea kiatu chake.

"Mwalimu," nikasema, "mkataba wako unasemaje?"

"Unasema mwalimu wa kike akikata nywele, kazi hana. Unasema pia nisile aiskrimu mjini baada ya saa mbili usiku, na hilo nimeshalivunja. Kata, Bwana Pruitt."

Sababu tuliijua wote. Jioni ile wasichana wa shule yetu, ambao yeye ndiye kocha wao, walikuwa wacheze mpira wa kikapu na Plum Creek, mji jirani, waliotufunga miaka tisa mfululizo. Wasichana walitaka nywele fupi, wazazi walishakubali kwa shingo upande, lakini kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza. Mwalimu akawaambia, basi naanza mimi. Na kweli, kabla sijamaliza kumfunga shuka wakaingia wote sita, wakajipanga kwenye benchi kama kuku juu ya uzio.

Nilikuwa nimekata upande mmoja tu mlango ulipofunguliwa tena. Akaingia Alvin Tollefson, mwenyekiti wa bodi ya shule, mtu pekee mjini aliyekuwa bado ananiamini na koo lake. Kutoka kwenye baridi ile, miwani yake ilijaa ukungu papo hapo. Akaivua, akapapasa mpaka kwenye kiti cha pili.

"Pruitt! Ndevu, haraka. Leo nataka uso wa ushindi."

Nikamfunika taulo la moto uso mzima, upesi kuliko nilivyowahi kumfunika mtu.

"Nani huyo jirani yangu?" akauliza kutoka chini ya taulo.

"Mgeni," akadakia Mzee Dvorak. "Muuza cherehani."

"Karibu Norden, bwana. Una mabinti?"

Wasichana wakajiziba midomo.

"Anatikisa kichwa," akasema Dvorak.

"Una bahati! Sketi zinapanda, redio zinapiga kelele, na sasa nywele. Nasikia hata mwalimu wangu mmoja anaunyemelea mkasi. Akikata, Jumatatu hana kazi. Na ndiye mwalimu bora niliyewahi kuajiri, lakini mkataba ni mkataba."

Nikamtazama Mwalimu kwenye kioo. Upande uliobaki ungeweza kufunika ule mwingine kwa pini chache. Angetoka mle na kazi yake. Nikainua mkasi, nikamwuliza kwa nyusi. Akaushika mkono wangu, akausogeza kwenye upande wenye nywele. Kisha akasema kwa sauti ya darasani:

"Bora kwa lipi, Bwana Tollefson?"

Taulo likaruka.

"Mwalimu Kubicek!"

"Nimefika nusu. Niache nimalize, nusu haipendezi."

"Upande huu mzuri lakini," akasema Dvorak.

"Wewe nyamaza, muuza cherehani!" Tollefson akavaa miwani. "Mwalimu, ume..." Hapo ndipo alipoliona benchi. "Na nyie?"

"Tunasubiri zamu," akajibu Hulda Brandt, mfungaji wetu, msichana mrefu kama nguzo ya simu. "Mwaka jana, Bwana, ule mpira wa mwisho. Zimebaki sekunde mbili, mpira ninao. Niliona nywele zangu tu. Kikapu sikukiona."

Mpira ule Tollefson alikuwa ameulilia mwaka mzima. Alishalaumu taa, sakafu, hata jiko la kupashia joto ukumbi wa Plum Creek.

"Ilikuwa nywele?"

"Nywele, Bwana."

Akakaa. Akalaza kichwa nyuma.

"Pruitt, taulo. Mimi sijaona kitu."

Alilala hivyo mpaka nilipomaliza vichwa saba. Nilimbadilishia taulo mara sita, akatoka mwekundu kama bitiruti iliyochemshwa.

Tulifungwa kwa pointi moja. Hulda alifunga kumi na tisa, lakini mwamuzi alikuwa na shemeji Plum Creek. Tollefson alimfokea mpaka sauti ikakatika kabisa, na Jumapili Mwalimu akafungasha sanduku lake, maana kushinda ndiko kungemkinga.

Jumatatu bodi ilikutana darasani, milango wazi, nasi tukajaa nyuma. Katibu akasoma: "Nywele za mwalimu." Wote wakamgeukia mwenyekiti. Akafungua kinywa, ukatoka upepo. Basi akauendea ubao, akachukua chaki, akaandika kwa herufi kubwa: MWAMUZI KIPOFU. Tukapiga makofi. Chini yake: MWALIMU ABAKI.

"Na mkataba, Alvin?" akauliza mjumbe mmoja.

Akafikiri, kisha akaandika: MARUDIANO MACHI SITA.

Mikono yote mitano ya bodi ikapanda. Mwalimu Kubicek, masikio yake mekundu hadharani, akawageukia wasichana.

"Mazoezi kesho saa tisa. Asichelewe mtu."