Kilo Saba za Mkononi

Jumamosi moja ya Oktoba, saa nne asubuhi, Mzee Mashauri alikuwa jikoni kwake Husby, kitongoji cha Stockholm, akipima soksi. Mizani ilikuwa ile ndogo ya ndoano, ya kuning'inizia mabegi, naye alikuwa ameifunga kwenye kitasa cha kabati.

Tangu astaafu udereva wa basi, baridi ikianza miguu ilimwasha. Ndege kubwa ingemfikisha Bangkok. Shughuli ilikuwa kuchagua zile za bei chee za kuzungukia huko: Penang, Saigon, Manila. Majina ya ndege hizo hayakumkaa kichwani, akaziita kwa rangi. Nyekundu ilikuwa rahisi kuliko zote, lakini hupima hadi koti ulilovaa. Manjano huwaonea huruma wazee wanaochechemea, na Mashauri kuchechemea alikujua vizuri. Zambarau haichelewi, ila hata maji unauziwa. Zote zilitoa kilo saba za mkononi bure.

Kilo saba ni nini kwa watu wetu? Ukitangaza safari, umejitangaza posta. Dominic wa Vällingby alikuwa ameshaleta kahawa ya kupelekewa binamu yake aliyeko Penang, na sasa amekaa anangoja aone Mzee ataamua nini.

"Mzee, unachagua ndege kama mtu anayechagua mke."

"Mke nilimchagua siku moja."

"Ndiyo maana hayupo."

Kengele ikalia. Alikuwa Laurence, Mrundi, anayesafisha maofisi Sundbyberg. Alishika mfuko wa plastiki, na ndani mna sweta la buluu alilofuma mwenyewe.

"La Gilles," akasema. "Ukifika huko Bangkok, Mzee, umuulizie."

Habari za Gilles zilijulikana. Laurence aliomba mwanawe aje Stockholm, faili likalala mezani hadi kijana akatimiza miaka kumi na minane, kisha akajibiwa kwamba huyu sasa ni mtu mzima. Mtu mzima akajitafutia kazi ya kompyuta Bangkok. Alipofika akavushwa mto wa mpakani usiku, akanyang'anywa pasipoti, akafungiwa kwenye jengo la kutapeli watu kwa simu. Alimpigia mama yake mara moja, dakika mbili.

Mashauri akalitundika sweta. Kitasa kikang'oka. Wakalikokota, yeye na Dominic, hadi kwenye mizani ya bafuni, ikasoma sitini na nane.

"Sufu ya huku nzito," Dominic akasema, akijifuta jasho.

"Umelibebaje kwenye treni, Mama Gilles?"

"Nimezoea kumbeba. Na hizo ndizo kilo zake. Alipimwa kabla ya kuondoka."

Mashauri akarudi kwenye simu kutafuta bei ya kilo za ziada. Hapo ndipo aliposhtuka. Alishika meza, akavua miwani, akaivaa tena. Dominic naye akachungulia. Kwa bei ile ungemkatia mtu tiketi akakaa dirishani.

Lakini mzigo wa mtu haukataliwi. "Niachie siku chache," akasema. "Hizi ndege huwa zinashusha bei."

Jumapili iliyofuata Laurence akapitia hapo akitoka kanisani, wakapima. Sitini na moja. Jumapili ya pili, hamsini na nne. Sweta lilikuwa lile lile, mikono haikufupika, rangi haikupauka. Mashauri akapiga hesabu zake, akafurahi.

"Tungoje kidogo, Mama Gilles. Likishuka hivi, Manjano inatuchukua."

Laurence hakubisha. Katikati ya wiki alikuwa akizunguka maofisini kumtafutia Gilles msaada. Ofisi ya kwanza ilimwambia kijana si raia wa hapa. Ya pili ilimwambia aliondoka kwa hiari yake. Ya tatu ilimpa namba ya kupanga foleni, na alipoitwa, wakamrudisha ya kwanza.

Lilipopita chini ya hamsini wakakipigilia kitasa, wakalirudisha kwenye ndoano. Thelathini na tisa. Ishirini na sita. Mashauri akaacha kuzungumzia bei. Usiku aliamka kuligusa, akilini akijiuliza kwa nini hakulipa ile siku ya kwanza, hata kwa kukopa. Kumi na moja.

Jumapili ya kwanza ya Majilio, madirisha yote ya mtaa yakiwa na taa za nyota, Laurence alilitundika mwenyewe. Likazunguka taratibu kwenye ndoano, kisha likatulia.

"Tatu na gramu mia mbili," Mashauri akasoma.

"Alizaliwa hivyo hivyo," Laurence akasema. "Kliniki walimtundika kwenye ndoano kama hii. Hakulia."

Akalishusha kwa mikono miwili, mmoja akiuweka chini ya shingo ya sweta, akalizungushia kitenge.

Mashauri akabonyeza Nyekundu. Ikamjibu papo hapo kwamba mzigo wake wa mkononi uko ndani ya kiwango, hana cha kuongeza, ikamtakia safari njema.

Dominic, aliyekuwa amekaa pembeni muda wote ule, akakohoa.

"Zimebaki karibu kilo nne, Mzee. Basi kahawa yangu itaingia."

Mashauri akamtazama Laurence. Laurence akalilaza sweta begini, akalifunika vizuri, akainuka.

"Kahawa uiweke chini," akasema, "isimlalie."