Fremu ya Mzee Hasani

Watu wanadhani rangi inafunika. Wananiletea geti lina mashimo na vinundu, wananiambia, "Yunusi, pulizia tu, rangi itaficha," na hasira zinanipanda kabla sijaitikia salamu. Rangi haimfichii mtu aibu. Hii yangu ya unga, inayopulizwa kavu kisha ikaokwa kwenye tanuri mpaka iyeyuke na kushika chuma, ndiyo kabisa. Inang'aa, na kila kasoro iliyo chini yake inaonekana mchana kweupe. Usipoziba na kusugua kwanza, umetangaza.

Amna, mchumba wangu, anazijua hasira hizi. Alipoteremka kwenye bodaboda mbele ya karakana yangu hapa Nachingwea, amekumbatia kitu ndani ya gunia la ufuta, alianza kwa kuniomba nisiseme neno. Alikuwa ametoka kwao Mandawa, wilaya ya Ruangwa, na vumbi lilikuwa limemjaa hadi kwenye kope. Akafungua gunia. Ilikuwa fremu ya kutembelea, ile ya miguu minne anayoshikilia mgonjwa akijifunza kutembea upya.

"Ya baba," akasema. "Nimeiiba."

Baba yake, Mzee Hasani, alipigwa na kiharusi msimu wa korosho uliopita, upande wa kushoto ukalegea. Mdogo wake akamtengenezeshea fremu kwa fundi mmoja wa kuchomelea. Fundi huyo, Mungu amsamehe maana mimi bado, aliunga mabomba yale kama mtu anayekandika udongo ukutani. Kila kiungo kilikuwa na nundu, na pale pa kushikia palikwaruza kiganja. Mzee aliitumia kidogo tu akaitupa ghalani. Ni mtu nadhifu, kanzu yake haikosi mstari wa pasi. Akasema haendi mbele za watu akikokota chuma chakavu, na siku ya ndoa yetu mdogo wake atamwozesha Amna kwa niaba yake. Yeye atabaki nyumbani.

"Baba mdogo nampenda," Amna akasema, "lakini hakunizaa. Nataka nisikie sauti ya baba ikiniozesha. Nisipoisikia nitaolewa, Yunusi, ila nitakuwa nimeolewa nusu."

Akalia. Machozi ya Amna hunifanya mpumbavu. Nilishika grenda palepale, nikakata vinundu, na kwa kuwa nilitaka aondoke na fremu jioni ileile, nikafanya kosa ambalo sisi wa rangi ya unga tumeliiga kwa wapiga rangi za magari. Niliziba viungo kwa puti ya gari, ule uji mzito wa kujazia mabonde. Inapakika kirahisi, inakauka upesi, na haikosekani mjini. Puti ya chuma, yenye vumbi la chuma ndani yake, inayopitisha umeme ili unga ushike na inayovumilia moto wa tanuri, huwa naiagiza Dar es Salaam, na yangu ilikuwa imeisha. Nikajisemea, viungo vyenyewe vidogo, itapita.

Haikupita. Nilipofungua tanuri, kila kiungo kilikuwa kimefura, kimetoboka, na rangi imekimbia pembeni. Amna akachungulia, macho bado mekundu.

"Fundi wangu," akasema, "nimekuletea fremu, umenikaangia maandazi."

Nilitaka kukasirika. Nikacheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka, na nikampenda zaidi kuliko asubuhi ile.

Puti ya chuma ilipofika kwa basi, Amna akarudi. Nilikwangua uchafu wote, nikapaka upya, nikaacha ikauke kwa muda wake, nikapiga msasa mkavu, kisha msasa laini. Nikamwambia imekwisha. Alishika fremu kama baba yake anavyoishika, akailalia kwa kiganja cha kushoto, gumba limezunguka kwa chini.

"Hapa," akasema. "Hapa panamuuma."

Nikapitisha kidole. Kweli, chini ya bomba palikuwa na ncha ndogo kama punje ya ufuta, mahali ambapo jicho halifiki. Nikaisugua yeye akiwa ameshika, nikiuliza kila mara, "Na sasa?" mpaka akasema, "Sasa basi." Tukaipaka kijani cha majani ya mkorosho.

Kuipeleka mwenyewe kwa mzee niliona haya. Mkwe ni mkwe. Amna aliiweka kando ya kitanda cha baba yake bila maneno, na kutoka Mandawa sikupata habari yoyote, wala sikuthubutu kuuliza.

Siku ya ndoa nilikaa kwenye mkeka msikitini, mbele yangu baba mdogo, tayari amenyoosha mkono. Moyo ulikuwa mzito kwa ajili ya Amna. Alikuwa nyumba ya ng'ambo ya barabara, anasikiliza kupitia kipaza sauti. Ndipo watu wakageuka mlangoni. Mzee Hasani alikuwa anaingia taratibu na ile fremu ya kijani, kanzu imenyooka, mdogo wake akampisha bila kuambiwa.

Shehe akaagiza kiti.

"Sikai kitini wenzangu wako chini," mzee akasema, ulimi mzito. "Na nikikaa chini siinuki. Nitasimama."

Nikasimama. Shehe akasimama. Nyuma yangu nikasikia mikeka ikikwaruza, na nilipotazama, msikiti mzima ulikuwa umesimama.

Ili anipe mkono wa kulia, ilibidi auondoe kwenye fremu. Akabaki ameegemea ule wa kushoto, wenye ugonjwa. Ukajikaza. Uzito wake mwingine wote ukaja kwenye kiganja changu. Akalitaja jina la binti yake polepole, herufi zikimpiga chenga, akarudia mpaka likatoka zima, akaniozesha. Nikasema nimekubali. Vigelegele vikavuka barabara, na katikati yake nikamsikia Amna akilia kwa sauti, bila kujizuia.

"Ndoa imetimia," shehe akasema. "Mnaweza kuachiana mikono."

Mzee akanisogelea sikioni. Mpaka siku ile alikuwa akiniita bwana fundi tu.

"Usiniachie, mwanangu," akasema.

Sikumwachia.