Fremu ya Twiga

Marehemu dada yangu alikuwa mrefu hata mtaa mzima ukamwita Twiga. Mimi niliyeishia begani mwake aliniita Kisoda. Alipovunjika nyonga alipewa fremu ya kutembelea, chuma cha miguu minne chenye vishikio viwili, akaenda nayo vizuri tu. Asubuhi moja akaiacha kando ya kitanda, akashika ukuta kwenda kufungua dirisha, akaanguka mara ya pili. Hakuinuka tena.

Mwaka uliofuata nikateleza bafuni, nami nikavunjika nyonga. Niliporudi kutoka hospitali, binti yangu alinipa fremu ya Twiga na chumba cha Twiga, maana ndicho kilicho karibu na choo.

Siku ya kwanza tu nilijua kwamba simo peke yangu mle ndani. Nilishika vishikio, nikainua mguu, na mtu akanivuta mabega kwa nyuma. Si kwa nguvu, bali kama anayekwambia ngoja kwanza. Binti alinidaka.

"Mama, shika vizuri!"

Nilikuwa nimeshika vizuri. Ikawa kila nikifika kati ya kitanda na mlango, navutwa. Na mkono ule niliujua. Tulipokuwa wasichana Twiga alinikamata ukosi vivyo hivyo, kila nilipotaka kumtangulia kutoka nje.

"Dada, niache," nilimwambia mchana mmoja, binti akiwa jikoni. "Wewe uliponzwa na kiburi chako. Mimi nina magauni ya watu kwenye cherehani."

Nilijua ananisikiliza.

Niliogopa, sitaki kujifanya shujaa. Daktari alikuwa amenitazama usoni akasema, "Bibi, mfupa unaunga vizuri. Lakini ukianguka tena, mimi siwezi kukuahidi kitu." Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nikagoma kutembea. Binti akaniletea beseni kitandani, na nikakubali, mimi niliyekuwa namcheka Twiga kwa kuletewa beseni. Mapaja yakaanza kulegea. Kwenye kitanda kile nilikuwa nakwisha, na kwenye fremu ile nilikuwa naitwa. Sikujua nichague kifo kipi.

Ndipo akaja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana mwenye viatu vya raba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Haya, simama nikuone."

Nikaishika fremu, nikasimama. Akanizunguka mara moja.

"Fremu hii ilikuwa ya nani?"

"Ya dada yangu."

"Alikuwa mrefu, eh? Tazama, mabega yako yamepanda hadi masikioni. Uzito wote unakwenda nyuma, ndiyo maana unahisi kuvutwa. Vishikio vinatakiwa viwe usawa wa kifundo cha mkono. Kwani hamkuona?"

Binti, aliyekuwa anachungulia kutoka jikoni na kijiko mkononi, akanitazama. Alikuwa ameona. Nami pia, mtu ninayejua kipimo cha mteja kabla hajavuka kizingiti! Maisha yangu yote nimevaa nguo za Twiga, na ushonaji nilijifunzia kwenye pindo zake. Lakini nguo zile nilizipunguza mwenyewe akiwapo wa kunigombeza. Binti alipotaka kuibonyeza ile fremu ishuke, nilimkaripia kama mtoto: iache alivyoiacha.

Msichana hakuniuliza. Aliinama, akabonyeza kitufe cha mguu mmoja baada ya mwingine, chuma kikaingia ndani ya chuma. Nilitaka kumshika mkono na sikuweza, kwa kuwa mikono yangu yote ilikuwa inanishikilia mwenyewe nisianguke.

"Twende," akasema.

Nikaenda. Mabega yalishuka, mguu ukatii. Nikapita pale katikati, mahali pake, nikafika mlangoni. Binti alipiga makofi jikoni kwake, kijiko kikiwa bado mkononi. Mimi nilisimama nikangoja. Nikajilegeza kidogo nyuma, makusudi, nimrahisishie.

Hakuna aliyenivuta. Niligeuza kichwa polepole: kitanda, dirisha, ukuta.

Siku ya mazishi sikutoa chozi, na ndugu walinisema sana. Sasa machozi yalinitoka hata nikashindwa kuona sakafu.

Binti akaja mbio. "Mama, vipi? Umeumia?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Dada amekufa."