Kiganja cha Chumvi

Kwa miaka kumi na minane Kamanda hakuwahi kupima chumvi ya mikate yake. Aliimimina kiganjani, akaitupa kwenye unga, akakanda, kisha akamega kidonge kibichi na kukionja kwa ncha ya ulimi. Ulimi ukikubali, mikate inaingia tanurini. Ukikataa, ole wako uliye karibu. Jina hilo la Kamanda alipewa na wifi yake, dada wa mumewe, aliyefanya naye kazi kwenye kibekari chao chenye tanuri la matofali na meza moja ndefu. Asubuhi haikupita bila mawifi hao kurushiana maneno. Mmoja akisema mikate ya mwenzake ni mizito kama matofali, mwingine anajibu afadhali matofali, yanajenga. Wateja walikuja kwa ajili ya mkate, na kwa ajili ya hayo pia.

Kisha ikaja saratani ya damu. Ilianza kwa uchovu, fizi kutoka damu na madoa ya zambarau miguuni, naye akasema ni kazi tu. Alikuja kushtuka yuko wodini, dripu mkononi, nywele zimebaki kwenye mto. Alikaa miezi tisa, akitolewa na kurudishwa. Tusidanganyane, aliogopa sana. Lakini alikuwa na neno moja alilowaambia madaktari, wauguzi, hata mfagiaji: "Mimi narudi kwenye tanuri langu." Mfagiaji akazoea kumsalimu hivyo: "Tanuri halijambo?"

Akarudi kweli. Vipimo havikuonyesha tena ugonjwa, ila alipewa vidonge vya kumeza miaka miwili na kipimo cha damu kila mwezi. Muuguzi alimkataza vitu kadhaa, kimojawapo unga mbichi, maana kinga yake ilikuwa bado changa.

"Hata kuonja?"

"Hata kulamba kidole, mama."

Katazo lenyewe halikumuuma sana, kwa sababu dawa zilikuwa zimeondoka na ladha. Chai, ndizi, maji, vyote vilikuwa kama kulamba kijiko cha bati. Hilo hakumwambia mtu. Alijipa moyo kwamba mkono ndio unaojua kazi, ulimi ulikuwa shahidi tu.

Siku ya kwanza alikuta mizani ndogo mezani. Wifi alikuwa amejifunza kupima wakati yeye hayupo. Kamanda akaisukuma kwa kiwiko.

"Hii kampe muuza dhahabu."

Zamani jibu lingemrudia kabla hajafunga mdomo. Safari hii wifi alitabasamu tu. "Sawa, mpenzi wangu. Usijichoshe."

Mpenzi wangu! Kamanda alikanda kwa hasira, akitoka jasho na kupumzika kila baada ya dakika chache, lakini alikanda mwenyewe mpaka mwisho.

Saa sita mchana mikate ilitoka, rangi yake nzuri ajabu. Wifi akamega, akatafuna. "Kama zamani," akasema. Mume wa Kamanda, fundi baiskeli, alipita kula, akamaliza vipande viwili. "Mke wangu, mkate umerudi nyumbani." Kisha akanywa maji. Akanywa tena. Wifi naye akajaza bilauri. Mshonaji wa mlango wa pili, aliyepelekewa kipande, akaja mwenyewe kuuliza kama kuna maji ya kunywa. Kamanda akaenda kwenye ndoo iliyokuwa imejaa asubuhi, akaiinamisha. Ilikuwa nyepesi.

"Chumvi imezidi?"

"Kidogo," mumewe akasema.

"Kidogo gani, nawe umekunywa bilauri nne? Nimetia mara mbili?"

"Mara mbili," wifi akasema, macho chini. "Nilikuona unamimina tena."

"Uliniona, ukanyamaza?"

Wifi akaanza kulia. "Ningekuambiaje? Nimekuona wodini huwezi hata kumeza mate. Nikaapa ukitoka sikuambii neno baya tena. Ukifa na matusi yangu masikioni, mimi nitajiweka wapi?"

"Na nisipokufa?"

Mumewe akakuna kichwa.

"Mmejiandaa mimi nife," Kamanda akasema. "Kwa kuishi kwangu hamjajiandaa hata kidogo. Basi sikilizeni. Ladha sina. Ilibaki hospitali. Na kichwa kinasahau. Ndiyo hali yangu hiyo, na bado nataka kuoka."

Kesho yake aliivuta mizani mwenyewe. Alimimina chumvi kiganjani mara kumi, wifi akapima mara kumi, na hakuna viganja viwili vilivyolingana. Mkono ulikuwa umekonda, umepoteza kipimo chake. Kamanda aliutazama kwa muda, na tusifiche, iliniuma hata mimi ninayesimulia. Halafu akachukua chaki, akaandika uzito wa chumvi ukutani, na chini yake akaweka nafasi ya kupiga alama kila anapotia, asije akarudia.

"Mkono tumeustaafisha," akasema. "Ulimi utakuwa wako. Lakini ulimi wako siuamini. Ukinidanganya tena, nakukabidhi ufunguo wa bekari nakwenda kukaa nyumbani. Siwezi kulisha watu mkate wa huruma."

Wiki nzima wifi alionja na kusema, "Uko sawa." Siku zote saba, sauti ileile ya kubembeleza. Wateja nao walisifu, lakini wateja walikuwa wakitazama kitambaa alichofunga kichwani kuliko walivyotazama mkate. Kamanda hakujua lolote kwa hakika. Hapo ndipo alipoamua kutega.

Siku ya nane, wifi alipotoka kuchota maji, alikanda mkate mdogo wa pembeni bila hata chembe ya chumvi. Ulipoiva aliutanguliza mezani, akatia ufunguo kwenye mfuko wa aproni. Wifi akisema uko sawa, ufunguo unakabidhiwa asubuhi hiyohiyo. Alikuwa amepitia sindano za uti wa mgongo bila kupiga kelele, lakini sasa ilibidi aegemee meza.

Wifi akamega. Akatafuna, akaacha kutafuna. Akatazama kitambaa cha Kamanda, akatazama vifundo vya mikono yake. Akatafuna tena, akameza kwa shida.

"Wifi," akasema polepole.

"Sema."

"Sijui nise..."

"Sema kilichoko mdomoni mwako."

Wifi akavuta pumzi ndefu. "Huu ni mkate au pamba ya kidonda? Umetoka nao wodini? Hauna chumvi hata ya kudanganyia, Kamanda, na mizani nimekuwekea mbele ya macho! Hata mgonjwa..." Akajiziba mdomo.

"Malizia."

"Hata mgonjwa angeurudisha!"

Kamanda! Tangu atoke hospitali hakuna aliyemwita hivyo. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la unga, machozi yakimtiririka, yale aliyoyazuia miezi tisa. Wifi alidhani amemuua. Kamanda akatoa ufunguo mfukoni, akainuka, akautundika kwenye msumari wake.

"Mikate mingine ina chumvi," akasema. "Huo nilikutegea."

Wifi akamrushia kile kipande kilichobaki, kikamgonga begani na kitambaa kikateleza. Nywele mpya zilikuwa zimeanza kuota, fupi, za kijivujivu.

"Mjinga wewe!" wifi akafoka, akilia na kucheka. "Na hicho kichwa kimeota ukungu kama mkate wa wiki iliyopita!"

"Afadhali ukungu, unaota," Kamanda akamjibu, akafungua mlango wa tanuri.