Mkono Uliobaki Kazini

Ko. Kimya. Ko, ko. Kimya tena. Umeme ulikuwa umekatika tangu jua lilipozama, na katika giza la chumba kile kimoja mwiko uligonga ukingo wa sufuria, ukateleza, ukagonga tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyokuwa na hakika nayo.

"Mama," mtoto alisema kutoka kitandani, "mbona leo unaponda kama mgonjwa?"

"Naponda kwa kushoto."

"Wa kulia haujarudi?"

"Bado."

Mtoto akaridhika na jibu hilo, akajifunika shuka hadi puani. Jina lake la nyumbani lilikuwa Pengo, tangu meno mawili ya mbele yalipomtoka ndani ya wiki moja, naye alilipenda, akawa anawachekea wageni makusudi ili waone limetoka wapi. Kesho yake, Jumapili, alikuwa anatimiza miaka sita. Zawadi aliyoomba ilikuwa moja tu, nayo ni viazi.

Si viazi hivi vya kuchemsha na kula kwa chumvi. Viazi vya kazini kwa mama. Mama Pengo alikuwa mpishi kwa mwanamke mmoja ambaye kila mtu alimwita Bosi, hata mumewe, na viazi vile ndivyo vilivyoipa nyumba ile sifa. Vilikuwa viazi vitamu vya njano, vinachemshwa na maganda yake, vinamenywa vikiwa bado vinaunguza vidole, vinapondwa na siagi na tui zito la nazi. Kisha iliki, mdalasini, kungumanga ya kukwangua mara mbili tatu, na sukari ya kutosha kuufanya ulimi ujiulize kama ipo. Mama Pengo alivibuni mwenyewe alipokuwa na mimba, wakati ambapo hakuna chakula kingine kilichokubali kukaa tumboni. Siku moja akavipika kazini, Bosi akaonja, na kuanzia siku hiyo vikawa viazi vya Bosi.

Pengo hakuwahi kuvila. Kilichobaki mezani kule kiliingia kwenye friji, na friji ilikuwa na kufuli. Alivijua kwa harufu tu. Kila jioni mama yake aliporudi, mtoto alikichukua kiganja chake cha kulia, akakiweka puani na kulala nacho hivyo hivyo. "Leo mdalasini umezidi," alikuwa akisema huku macho yanafumba, na mara nyingi alikuwa sahihi.

Ijumaa Mama Pengo alikumbushia ruhusa yake.

"Mwanangu anatimiza miaka sita Jumapili, Bosi. Nimemwahidi nitampikia."

"Jumapili nina wageni, dada. Unajua."

"Najua. Ila nilikuambia tangu mwezi uliopita."

"Uliniambia, sijakataa. Kwani nani amekuzuia? Nenda, mtoto ni mtoto. Ila mkono uuache, hadi Jumatatu."

Mama Pengo akauliza upi.

"Wa kulia. Huo mwingine nitaufanyia nini?"

Ulitoka kuanzia kwenye kiwiko, bila maumivu, kama pete inavyotoka kwenye kidole chenye sabuni. Bosi alikuwa mtu wa utaratibu. Aliutandikia taulo safi kwenye droo ya vijiko, akauliza kama huwa unalala wazi au umefunikwa. Mama Pengo akasema umezoea kulala umeshikwa.

"Hilo siliwezi," Bosi alisema, akaisukuma droo kwa goti.

Getini mlinzi alimfungulia, akauangalia mkono wa blauzi unaoning'inia.

"Leo unatoka mwepesi, dada."

"Nimeuacha hadi Jumatatu."

"Afadhali wewe umeambiwa siku. Mimi kampuni imeshikilia usingizi wangu tangu mwaka juzi. Nikiuulizia, wananiambia bado unahitajika." Akapiga mwayo mkavu, wa mazoea tu, akafunga geti.

Na mtaani hakuna aliyesimama kushangaa. Jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke fundi cherehani kiwandani, alikuja kutoa pole akipapasa ukuta kwa vidole, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamebakizwa kazini kumalizia oda ya mashati meupe. Aliushika mkono mtupu wa blauzi, akaukunja vizuri na kuubana kwa pini, mshono ukiwa umenyooka kuliko wa wenye macho.

"Wamekuandikia popote?" aliuliza.

"Hapana."

"Mimi waliniandikia. Haikusaidia kitu."

Basi ndiyo maana Jumamosi hiyo, gizani, Mama Pengo alikuwa anaponda kwa kushoto. Aliona afanye majaribio mapema, ili siku yenyewe isimwaibishe. Mkono wa kushoto ulikuwa mkono mzuri, mtiifu, lakini maisha yake yote ulikuwa umeshika sufuria huku mwenzake akifanya kazi. Siri ya viazi vile haikuwa kwenye iliki. Mwiko unakandamiza kiazi ukutani mwa sufuria, halafu kiganja kinageuka nusu, kama kinafunga bomba la maji, na hapo ndipo nyuzinyuzi zinapokatika na kiazi kinalainika kama malai. Wa kushoto haukuijua nusu ile. Uligeuka robo ukakwama, au ukapitiliza na kumwaga.

Aliwasha mshumaa, akampakulia mtoto. Pengo alikula polepole. Mabonge aliyatoa mdomoni moja moja, akayapanga ukingoni mwa sahani kwa adabu.

"Vitamu," alisema, kwa sauti anayoitumia kwa watu wazima wanaompa zawadi ya soksi.

Usiku ule hakulala. Alikinusa kiganja cha kushoto mbele na nyuma, akakirudisha kwa mwenyewe. "Huu unanuka sabuni," alisema, akageukia ukutani.

Asubuhi Mama Pengo alizichana nywele za mtoto, zikaelekea upande mmoja, akamvalisha gauni lake la njano, wakaenda kuufuata mkono. Njiani hasira ilikuwa haijaja bado. Alikuwa amejiandalia maneno ya heshima na kuyapanga tangu alfajiri, maana alikuwa mtu wa kuamini kwamba jambo likielezwa vizuri litaeleweka.

Waliingia kwa mlango wa jikoni. Mkono ulikuwa peke yake mezani kando ya jiko, umesimama kwa kiwiko, mwiko kwenye vidole, unaponda. Ulikuwa unaponda vizuri. Pengo alipoingia ulisita, ukainua kidole kimoja, kisha ukaendelea. Kwenye dole gumba palikuwa na lengelenge jipya, kubwa kama punje ya mahindi, limejaa maji.

Mama Pengo aliliangalia kwa muda. Hakuwa amesikia chochote. Alikuwa ameungua mwili wake mwenyewe, labda jana akiwa anafua, labda akiwa anamwogesha mtoto, na hakuna mtu aliyemwambia. Hapo ndipo hasira ilipofika, na ilifika yote kwa pamoja.

Bosi akaingia akiwa na glasi mbili tupu. "Dada. Si nimekupa siku yako?"

"Nimefuata mkono wangu, Bosi. Mtoto halali."

"Tulikubaliana Jumatatu."

"Umeungua."

"Umeungua kidogo. Na wenyewe haujalalamika."

"Hauna mdomo, Bosi."

"Basi."

Mama Pengo aliushika mkono wake karibu na kiwiko, akauvuta. Mkono haukuachia mwiko. Akauvuta tena, akaubembeleza, akauita kwa sauti ya chini kama anavyomwita mtoto atoke mchangani, nao ukazidi kukaza vidole, kwa sababu moto ulikuwa unawaka chini ya sufuria na ulikuwa umefundishwa kwamba chakula hakiachwi motoni. Aliyeufundisha ni yeye mwenyewe, kwa miaka, kwa kujivunia.

"Unaona?" Bosi alisema, bila ubaya wowote. "Unapenda kazi."

Mgeni mmoja, mwanamke mwenye manukato makali, aliingia kuomba maji ya baridi. Aliutazama mkono, akatikisa kichwa kwa kusifu. "Huu umetulia. Mimi nilibakiza miguu ya dereva, ikawa inazurura uani usiku kucha, hatulali." Akapewa maji yake, akarudi sebuleni.

Mkono ukachota kijiko cha viazi, ukakigusisha ukingoni kipungue moto, ukakinyoosha kuelekea kwa Pengo. Mtoto alifungua mdomo. Bosi akakitoa kijiko vidoleni taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto mchanga funguo, akakirudisha kwenye sufuria.

"Vitapungua," alisema. "Nimepika kwa idadi ya watu."

Alisema nimepika.

Sufuria ikapelekwa sebuleni. Mlango ulibaki nusu wazi, na Mama Pengo akamsikia Bosi akiwaeleza wageni kwamba chakula hiki amekibuni mwenyewe kwa kuvutiwa na ladha za Kiafrika, kana kwamba Afrika ni sehemu ya mbali anakokwenda likizo, na si mtu aliyesimama jikoni kwake na blauzi yenye pini. Watu wakapiga makofi. Mtu mmoja akauliza siri yake ni nini. Bosi akasema ni upendo.

Wakati huo moto ulikuwa umezimwa na mkono umeweka mwiko chini. Pengo aliukumbatia kwa mikono yote miwili, akakiweka kiganja usoni. Kilimfunika kuanzia paji la uso hadi kidevu. Wakakaa hivyo, na Mama Pengo akaanza kuulegeza polepole kutoka mezani, akiwa ameshalitazama geti.

Ila sahani zikaanza kurudi. Mkono ulizisikia. Ulimpapasa Pengo shavuni, ukajitoa, ukaenda kwenye sinki na kufungua bomba.

"Nilisahau," Bosi alisema akiwa mlangoni. "Jumatatu ukija tutazungumza. Naona mkono unafanya kazi vizuri zaidi ukiwa peke yake. Hauombi ruhusa." Akamfungia Pengo keki kavu mbili kwenye tishu. "Heri ya kuzaliwa, mrembo."

Mama Pengo aliyasema maneno yake ya heshima yote, moja baada ya jingine, kama alivyoyapanga. Bosi alisikiliza hadi mwisho, akasema ameelewa. Kisha akarudi kwa wageni. Getini mlinzi aliupekua mkoba wao kama alivyoagizwa, akaomba radhi, akawafungulia.

Njiani keki Pengo alimpa mbuzi wa watu.

Nyumbani, mchana mweupe, Mama Pengo alichemsha viazi vilivyobaki. Akavuta kigoda mpaka mbele ya jiko, akampandisha mtoto, akamfunga kanga kifuani, akamtia mwiko mkononi. Yeye mwenyewe akasimama nyuma yake na kuishika sufuria kwa kushoto, kazi ambayo mkono ule uliijua.

"Kandamiza ukutani. Hivyo. Sasa geuza, kama unafunga bomba."

"Hivi?"

"Umepitiliza. Rudi kidogo. Usiwe na haraka, hakuna mgeni anayekuja."

Pengo aliponda huku ulimi ukichungulia kwenye pengo. Mara ya kumi na kitu kiganja chake kidogo kiligeuka nusu kamili, na kiazi kikalala laini chini ya mwiko, kinang'aa. Mama yake alimimina tui kidogo kidogo, akamwachia mtoto anyunyize iliki mwenyewe, na kungumanga akaikwangua kwa kukibana kikwangulio tumboni. Jirani, aliyekuwa amefuata harufu akipapasa ukuta, alikaa mlangoni na sahani yake mapajani, akisubiri.

Wakala. Hapakuwa na bonge hata moja. Pengo aliuziba mdomo ili mvuke usitoke, akala hadi akakwangua sahani, kisha akakinusa kiganja chake mwenyewe cha kulia, mbele na nyuma.

"Ukiwa mkubwa utanipita," mama yake alimwambia. "Watakutafuta nyumba hadi nyumba."

Pengo akameza, akakifunga kiganja.

"Mimi mkono wangu siuachi kwa mtu."