Siku Kipepeo Aliposema

"Usimpe hata tone," dada yake mkubwa alisema, akamnyang'anya Msusi kikombe cha maji na kukipandisha juu ya kabati. "Akinywa akishiba atatulia kama bibi harusi, nao watakwambia hana tatizo. Mwache aende na kiu yake. Akizipiga zile kelele zake pale ofisini, nafasi ya kituo umepata."

"Dada, ni mtoto huyu."

"Ni mtoto wako. Angekuwa wa watu, watu wangeshamsaidia."

Msusi alimtazama binti yake. Alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, akipunga viganja mbele ya macho kwa kasi. Kwa kupunga huko watoto wa mtaani walimpachika jina la Kipepeo, na jina likamganda. Alikuwa amefika umri wa kuanza shule bila kutamka neno hata moja. Shule ya jirani ilimpokea asubuhi, na mchana mwalimu mkuu akamrudisha mwenyewe, amemshika mkono. "Mama, hapa hatutamweza," alisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma zaidi.

Baba yake aliondoka kwenda kutafuta kazi, na mpaka leo hakuna ajuaye kama aliipata.

Msusi alisukia barazani. Vidole vyake vilisifika mtaa mzima. Wateja walisinzia mapajani mwake wakati akigawa nywele kwa mkia wa kitana. Kichwa kimoja tu kilimkataa. Akigusa nywele za Kipepeo, mtoto alipiga ukunga kama aliyemwagiwa uji wa moto. Tena alikuwa na tabia ya kutoroka. Ikabidi Msusi afanye kazi amefunga kitambaa kiunoni, ncha ya pili imefungwa mkononi mwa mtoto. Mtoto akikurupuka, mama anavutwa, na msuko unaenda upande. Wateja walivumilia, kisha wakaanza kupita na vichwa vyao mbele ya baraza, wakisalimia tu.

Kwa hiyo serikali ilipofungua kituo cha watoto wenye usonji, chenye walimu waliosomea kazi hiyo, Msusi aliona mlango umefunguka. Kilichobaki ni afisa wa ustawi wa jamii kumwona mtoto.

Kikombe kilibaki juu ya kabati.

Siku zote feni na taa kali zilimvuruga Kipepeo. Siku hiyo, kwa ukaidi wa ajabu, alikaa kwenye benchi la ofisi ya ustawi akiyatazama mapanga ya feni, ametulia tuli. Walipoitwa ndani aliingia kama mgeni mstaarabu. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye uso wa huruma na macho yaliyochoka. Aliuliza maswali, Msusi akajibu, huku moyoni akiomba kitu ambacho hakuwahi kukiomba: lia, mwanangu. Lia basi.

Kipepeo alisogea mezani. Palikuwa na glasi ya afisa, imejaa, jua la dirishani likicheza ndani yake. Akaitazama kwa muda.

"Maji."

Ilikuwa sauti nzito kidogo, yenye kutu, kama bawaba ya mlango usiofunguliwa.

Afisa aliinua kichwa. "Amesema nini?"

Mara ngapi Msusi alikuwa ameiota saa hiyo! Katika ndoto zake alipiga vigelegele, akamrusha mtoto juu, majirani wakaja mbio.

"Hajasema kitu," alijibu. "Ni mlio tu. Huwa anatoa milio."

"Maji," Kipepeo alirudia, akimgeukia mamake, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa hasikii.

Afisa alimsogezea glasi. Mtoto akanywa bila kupumua, maji yakamchirizika shingoni.

"Mama, mwanao anaongea. Hufurahi?"

"Nafurahi," Msusi alisema, na machozi yakamtoka.

Afisa alishusha macho. "Mwongozo mpya unasema nafasi za kituo ni za watoto wasiosema kabisa. Wanaosema waende shule za kawaida."

"Shule walimkataa."

"Walikosea. Sera hairuhusu shule kumkataa mtoto yeyote."

"Sasa niende nikawaambie sera imekataa? Watanisikia?"

"Ningekuwa na uwezo, mama..." Alimwita anayefuata.

Kwenye ukumbi, mwanamke aliyempakata mwanawe akisubiri zamu alimnong'oneza, "Vipi, shoga? Amelia?"

"Amesema."

"Amesema? Hongera!" Kisha uso ukamwanguka alipoelewa. "Pole."

Msusi hakujua aitikie lipi.

Uani palikuwa na bomba. Alipiga magoti mbele ya mtoto, akamshika mabega kwa uangalifu, kama anayeshika kitu cha kuazima.

"Sema tena, mwanangu. Sema, mama anasikia sasa."

Kipepeo alitazama juu ya bega lake, mbali, pasipo na mtu. Midomo yake ilikuwa bado na unyevu.

Msusi akalifungua bomba hadi mwisho. Maji yalipiga saruji, yakaruka, yakatafuta njia kuelekea getini.

"Wee mama! Maji yanamwagika!" mlinzi alipiga kelele.

Hakulifunga. Alichuchumaa palepale, viatu vikilowa, macho yake mdomoni mwa mtoto.