Tangazo la Tatu

Mdogo wangu Sabina ana kichwa kigumu, na mimi sina subira, kwa hiyo tukikaa pamoja lazima jirani atusikie. Lakini siku aliyofuta ndoa yake hatukugombana. Alikuja tu kwangu Ganako, akaketi kwenye kigoda jikoni, akasema, "Dada Bertha, nimemwambia mwinjilisti asisome tangazo la tatu."

Kanisani kwetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo. Mwinjilisti anasoma majina, halafu anauliza kama yupo mwenye pingamizi. Majina ya Sabina na Naftali yalikuwa yameshasomwa mara mbili. Sare zilishashonwa, yangu ikinibana kwapani. Na Naftali si mtu wa kuokoteza. Ni dereva wa watalii, asubuhi anashusha wageni kreta ya Ngorongoro, akirudi anamkamulia mama yake ng'ombe.

"Amekukosea nini?" nikauliza.

"Anajua mwenyewe."

Naftali hakujua. Alikuja na gari la kazini likiwa bado na vumbi la Ngorongoro, akasimama getini, akauliza swali hilohilo, akapewa jibu hilohilo. Mwanaume mzima alilia. Mimi nikajifanya naangalia kuku.

Sababu niliijua mwaka mzima baadaye. Sabina anachambua kahawa Oldeani, kazi ya kukaa kutwa, nami nikamwona siku hizo anakaa kwa tako moja. Nilipomwuliza mara ya kwanza alisingizia mgongo. Mara ya pili nilifunga mlango, ufunguo nikauchomeka kifuani.

"Utasema, au tutalala humu."

Akasema. Alikuwa ameota kinyama sehemu za siri, kwenye shavu la uke. Kilikuwa laini, kinaning'inia kwa kikonyo, na kilianza kikiwa kama punje ya mbaazi. Hakikumuuma hata siku moja mpaka wiki ile, kilipojisokota kikavimba.

"Kilianza lini?"

"Kabla ya tangazo la kwanza."

"Ulimwonyesha nani?"

"Nilikwenda duka la dawa."

"Ukaonyesha?"

"Nitaonyeshaje, dada? Watu wamepanga foleni nyuma yangu. Nilisema rafiki yangu ana vinyama huko chini."

Ndivyo tulivyo wanawake wa huku. Tumbo likiuma ni langu, mguu ukivimba ni wangu, lakini cha huko chini siku zote ni cha rafiki yangu. Na rafiki ambaye hayupo hapimwi. Muuza dawa alijibu kama alivyoulizwa: vinyama huko ni masundosundo, ugonjwa wa zinaa, rafiki yako aje na mume wake. Sabina hajawahi kuwa na mwanaume mwingine zaidi ya Naftali. Akaamua mwenyewe, palepale dukani: kama yeye hakutoka nje, basi aliyetoka ni mwenzake, huko kambini anakopeleka wageni. Akalimeza jambo hilo peke yake ili asimwaibishe mbele ya kanisa. Nilitamani kumzaba kibao, na nilitamani kumkumbatia. Nikamkumbatia.

Kesho yake nilimpeleka hospitali. Tulipokelewa na Daktari Judith, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Sabina akaanza, "Daktari, kuna rafiki yangu..."

"Rafiki yako apande kitandani, avue," daktari akasema, wala hakucheka.

Akatazama kwa taa, akakishika kwa vidole, akauliza kama kinatoa damu. Akatafuta vingine, hakuviona. Akampima damu, akachunguza na mlango wa kizazi. Kisha akavua glovu.

"Hiki ni kinyama cha ngozi tu. Wengine kinawaota shingoni, wengine kwapani, wewe kimekuotea hapa. Hakuna aliyekuambukiza."

Alimchoma sindano ya ganzi, akakikata kwenye shina, akashona nyuzi mbili. Hata maji ya chai yasingechemka kwa muda ule. Akakitia kwenye kichupa, akasema anakipeleka maabara, maana jicho peke yake halitoshi.

Sabina alikuwa bado amelala. "Na yangekuwa masundosundo?"

"Tungeyatibu. Na virusi vyake vinaweza kukaa mwilini miaka bila kuonekana. Kwa hiyo hata hayo yasingekuambia nani alitoka nje, wala lini."

Sabina akageukia ukutani. Niliona mabega yake yanatikisika, nikamfunika kanga yangu.

Wakati huo majina ya Naftali na Winnie, mwalimu wa chekechea, yalikuwa yameshasomwa kanisani mara mbili. Majibu ya maabara yalitoka Alhamisi: kinyama cha kawaida, si saratani. Nikamwambia Sabina aende leo hii akamweleze Naftali, bado kuna Jumapili moja.

"Na Winnie amenikosea nini?" akaniuliza. Nilikasirika.

Jumapili mwinjilisti akasoma majina yao kwa mara ya tatu. Akauliza kama yupo mwenye pingamizi. Nilishaanza kuinuka, naapa, mdomo ukiwa wazi. Sabina akaikamata sketi yangu.

"Dada, kaa."

Nikakaa. Mwinjilisti akasubiri kidogo, akaendelea na matangazo ya vikundi vya kwaya.

Nje Naftali alikuja kutusalimia, kwa sababu ana adabu. "Shikamoo, dada Bertha." Nikaitikia. Sabina akamsogelea, akapunguza sauti.

"Nilikuwa nimeota kinyama, Naftali. Nikadhani umeniletea ugonjwa. Nimepimwa, haikuwa hivyo. Hukunikosea chochote."

Naftali akavua kofia. Winnie alikuwa anamsubiri kwenye ngazi na mama yake.

"Ungenionyesha," akasema. "Tungeenda wote."

Akavaa kofia yake, akaenda kwenye ngazi.

Tulirudi kwangu. Sabina akaketi jikoni kwenye kigoda kilekile, safari hii ameketi sawasawa, bila kuegemea upande wowote. Nikamwekea chai. Ilipoa mbele yake, na sikumgombeza.